Upinzani Uliosema Ndiyo

Jumamosi nilichungulia dirisha la shule moja hapa Kasulu, wanafunzi wakicheza bunge la vyama vingi. Waziri wa Maji akawasilisha muswada: wasichana peke yao waendelee kuteka maji bondeni. Spika, aliyejifunga shuka kama joho, akauliza wanaoafiki. Darasa zima likaitikia "Ndiyo", hata upinzani, ambao wote walikuwa wasichana.

Mwalimu akashika kiuno. "Ninyi si mnapinga?"

"Samahani, mwalimu," akajibu kiongozi wao. "Mdomo umezoea."

Kura ikarudiwa. Safari hii "Siyo" yao ikatikisa bati, nami huko nje nikapiga makofi. Mara wabunge wote wakageuka kutazama mlango, kana kwamba kuna anayekuja kuwakamata kwa kukataa, na mimi mtu mzima nikautazama.

Hakuna aliyeingia. Basi wasichana wakaisema tena "Siyo", kwa nguvu zaidi.