Firigisi ya dereva

NIMESHUKA KWENYE GARI. Safari yao wamalizie wenyewe hao rafiki zangu!

Lushoto tulisimama kupiga picha milima. Pangani tulisimama kwa ajili ya bahari. Tarangire tulimsubiri tembo mpaka akavuka barabara kwa raha zake.

Leo tumefika kwetu Mandewa. Mama kachinja jogoo, na firigisi kamtengea dereva wetu, maana ndiye mgeni wa heshima.

Jamaa hata gari hakuzima! Kachungulia dirishani: "Mambo, mama! Sisi tunapita tu."

Mambo?? Kwa mama yangu? Shikamoo ilikushinda?

Mama akajibu taratibu, "Haya wanangu, safari njema."

Nikachukua begi langu.

Sasa wananipigia simu wako mbele huko Mkiwa, wana njaa. Eti niwatumie kuku kwa bodaboda!

Firigisi nimekula mimi. Si mnapita tu? Piteni!