Bonde Alilopewa Usi

Mwaka 1954, siku za bamvua, maji ya bahari yaliingia katika bonde la mpunga la Bi Mwanakheir, nyuma ya mikoko ya Chwaka, yakakaa humo siku nne. Boma la udongo la kuzuia bahari, aliloachiwa na baba yake, lilikuwa limekatika. Usi, ndugu wa marehemu mumewe, alishaeneza habari barazani: mwanamke mvivu, kakaa na boma bovu mpaka likamwangukia. Maneno hayo yalimuuma kuliko mpunga wenyewe.

Mvivu hakuwa. Alikuwa mwembamba, mkali wa jicho, na akiweka kinyongo alikiweka kisawasawa. Aliinama penye pengo la boma akaona udongo umekatwa, haukubomoka. Kila pigo la jembe liliacha mstari mmoja ulioinuka katikati. Jembe lenye pengo kwenye makali alilijua, maana aliwahi kuliazima kwa Usi. Akarudi nyumbani na siri yake.

Aliliziba boma, akamwaga samadi ya ng'ombe tele, akapanda upya. Mpunga ukatoka manjano na udongo ukanuka mkojo. Akafunga donge la udongo ule katika jani la mgomba, akapanda gari la shamba mpaka mjini, kwa Hasan, mtoto wa somo yake, aliyekuwa mpimaji wa udongo.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Hebu ntazamie, udongo huu una nini?"

Hasan aliutia majini, akautazama kwa hadubini, akaonja chembe.

"Umekula chumvi," alisema. "Udongo una vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyoigeuza samadi ikawa chakula cha mpunga, tunakiita naitrojini. Chumvi ikiingia, vingi vinakufa na vinavyobaki vinazubaa. Samadi inakaa hapo inanuka tu, na hiyo naitrojini iliyokuwemo inabanduka kwenye udongo, inakwenda zake na maji."

"Mvua haioshi?"

"Chumvi inatoka kidogo kidogo, na vijidudu vinarudi kwa kujivuta. Masika matatu, au manne."

Tangu boma likatwe, Bi Mwanakheir hakuwahi kutabasamu. Siku ile alitabasamu njia nzima mpaka Chwaka.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa Sheha Machano, mbele ya watu na Usi mwenyewe, akasema amechoka. Usi akilitaka bonde, alichukue, naye ampe kile kishamba chake cha juu chenye kisima. Usi alishaliomba bonde lile mara mbili, akanyimwa.

"Lakini limeingia chumvi, shemeji," Bi Mwanakheir alimwambia, watu wote wakisikia.

"Mvua moja tu inaosha," Usi akajibu, akicheka. Wakapeana mikono.

Usi alimwaga samadi ya zizi zima. Masika ya kwanza mpunga ukatoka manjano, masika ya pili ukatoka manjano. Huko juu, kwa maji matamu ya kisima, kishamba kilijaa kijani, na kila asubuhi Bi Mwanakheir alisimama ukingoni akatazama chini. Nisimsingizie huruma. Alifurahi, na furaha ile ilimnenepesha.

Baada ya mavuno ya pili Usi alimfuata kisimani, ghala lake tupu.

"Shemeji, ardhi ile umeifanya nini? Nirudishie kishamba changu."

"Twende kwanza barazani, useme nani kalikata boma."

Usi akatangulia. Barazani walikuwapo Sheha Machano na mzee Simai na wengine wale wale waliomwita mwanamke mvivu.

"Nlilikata mie," Usi alisema, macho yakiwa miguuni.

"Sema kwa sauti, Usi. Mzee Simai hasikii vizuri."

"Boma nlilikata mie. Bi Mwanakheir hana kosa."

Sheha akamgeukia Bi Mwanakheir, akamuuliza kama sasa mashamba yarudi kwa wenyewe.

"Sitaki," alisema, akijifunga kanga yake vizuri. "Chumvi ni yake, aingoje itoke."