Majani yaliungua kwa pikipiki yake, samahani nikaomba mimi

Wakuu, salamu. Hapa sitii chumvi hata punje, nimechoka tu.

Nilikuwa na mchumba, nimwite Evans. Watu wake walikuwa waje kwetu Ekerenyo mwezi huu kuanza mambo ya mahari.

Mama aliteguka mguu, kwa hivyo siku hiyo nilichuma majani chai peke yangu tangu asubuhi. Evans ana pikipiki, akasema atayafikisha buying centre, pale karani anapopima na kupokea majani. Nikamwambia asisimame njiani, na mdomo wa gunia auache wazi.

Mnaolima chai mnajua. Majani yakifungwa na kukaa juani yanashika joto ndani, yanageuka mekundu, ndiyo tunaita kuungua, na karani anayakataa.

Yeye akasimama sokoni kuangalia mpira. Mpaka mwisho. Gunia limefungwa kamba, liko juani.

Akarudi nalo, karani amelikataa. Mnadhani alisema pole?

"Wewe ndio ulishindilia. Na si ungenipigia simu unikumbushe? Unajua niko na mambo mengi."

Nikajaribu kujibu, akasema nina dharau na simuamini. Akanuna. Wakuu, nilijikuta nambembeleza, naomba samahani, na chakula nampakulia.

Alipoondoka mama akaniuliza kutoka kitandani, "Chai ni yetu, safari ilikuwa yake. Hiyo samahani ilikuwa ya nini?"

Nikaanza kukumbuka mengine. Hata akichelewa kanisani Sabato, ni mimi sikumwamsha, na yeye analala kwao Manga!

Kesho yake nikamwambia jambo moja. "Evans, majani yaliungua kwako. Sema hivyo, yaishe."

Akaleta sauti yangu, eti ni ya dharau. Akaleta mama, eti anamchukia. Akaleta stress za kazi. Kila mara nikarudi pale pale, bila kelele: majani yaliungua kwako. Aliongea mpaka jioni, lakini hayo maneno hayakumtoka.

Nikaiona ndoa yangu yote hapo. Nikamwambia watu wake wasije.

Sasa anatangaza kwamba nimevunja uchumba kwa sababu ya gunia la chai. Yaani hata hii ni makosa yangu.

Nilichojifunza: usijibu shtaka jipya kabla la kwanza halijajibiwa. Anayekupenda atasema pole, hata kama ni kwa kunung'unika.

Haya, leteni maoni. Ila ukitaka kuanza na "lakini dada, wewe pia", niambie kwanza nani alikuwa na pikipiki.