Maziwa Ambayo Sikuyachemsha

Ningali naiona asubuhi ile ya kiangazi, mwanangu. Nilikuwa nimesimama penye ua wa ng'ombe wa kaka yangu mkubwa, Bahati, huko vilimani juu ya Mushaki, bidoni tupu, dumu langu la maziwa, mkononi, nikakubali neno ambalo ningepaswa kulikataa palepale.

"Maziwa nitakupa kila asubuhi," aliniambia. "Lakini isiende kwa moto. Ukipika maziwa ya ng'ombe zangu, viwele vitakauka. Papa yetu alitukataza, na wewe ulikuwa pale."

"Yaya, ni batoto njo watakula," nikamwambia, maana kwetu kaka mkubwa huitwa Yaya.

"Na sisi tulikuwa nini, mbuzi? Tulikunywa mabichi, na meno yangu yote iko. Fromaji, jibini ya hapa, inatoka kwa maziwa mabichi, bantu ya Goma banaigombania. Nani alikufa?"

Nikacheka. Nikasema, "Sawa, Yaya." Kisha nikainua bidoni nikashuka mlima.

Sitaki ufikiri kwamba sikujua. Nilimaliza sekondari. Nilikaa darasani nikafundishwa vijidudu vya maziwa na nikaandika majibu yake kwenye mtihani. Lakini nililelewa pia katika nyumba ambayo maziwa ya ng'ombe wa ukoo hayakupikwa, na mbele ya kaka yangu nilikuwa bado yule mdogo wa kutumwa. Ningeweza kushuka na kumwambia binti yangu ukweli, naye angechagua la kufanya. Sikufanya hivyo.

Binti yangu anaitwa Furaha. Mama yake alifariki Furaha akiwa na miaka kumi na miwili, na mwaka mzima baada ya mazishi tuliishi kama wapangaji wawili wasiojuana. Alikula alichopika, nami nikala nilichopewa. Shule zilipofungwa nikaona nimpeleke mahali pasipo na kitanda cha mama yake. Tukapanda pikipiki mpaka Sake, kisha gari mpaka Goma, tukashinda siku mbili ufukweni mwa ziwa Kivu.

Mchanga wa pale ni mweusi, umetoka kwa volkano, na jua likipanda huchoma nyayo. Furaha alikimbia majini akipiga kelele, akarudi, akakimbia tena. Sikuwa nimesikia sauti yake ikipanda namna ile tangu msiba. Mama mmoja alikuwa akiuza maji ya marakuja, yaani pasheni, yaliyogandishwa katika vifuko. Furaha akauma kimoja, akafumba macho.

"Papa, hii iko muzuri, lakini iko maji tu. Mutu angeweka maziwa ya kwetu ndani!"

"Maziwa na marakuja vinakatana. Itakuwa kama matapishi ya mutoto."

"Kama unachanganya. Mimi sitachanganya." Akanyoosha kidole kwenye wimbi lililokuwa likirudi nyuma. "Angalia, povu iko chini yake, rangi iko juu yake. Unagandisha moja kwanza, kisha unamwaga ingine."

Alizungumzia jambo hilo njia yote ya kurudi, mpaka dereva akamuuliza kama atamwekea chake.

Ndivyo ilivyozaliwa barafu ya Furaha. Maziwa yalichemshwa na sukari, yakapozwa kijitoni, yakamiminwa nusu ya kikombe cha plastiki na kugandishwa. Baadaye ndipo maji ya marakuja yalipowekwa juu, yakarudishwa kwenye baridi. Nyumbani hatukuwa na friji. Papa Kambere, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka kando ya barabara, alitupatia nafasi katika konjelatere yake, lile sanduku la kugandishia, kwa sharti moja kwamba yeye ndiye aonje wa kwanza. Ilitengenezwa kiangazi tu, wakati wa likizo, vumbi la barabara ya Masisi linapokauka kooni. Watoto walitoka kwenye misa ya Jumapili wakikimbia, kila mmoja akitaka kuwa mbele. Furaha alicheka nao. Na mimi nilikuwa nimepata tena mtu wa kuzungumza naye jioni.

Kazi tuligawana. Yeye matunda na vikombe, mimi maziwa na moto, maana sufuria ilikuwa nzito. Tuliwekeana neno moja tu. Kila alfajiri angeniuliza, "Papa, imechemka?" nami ningejibu, "Imechemka mpaka imepanda." Hapo ndipo angemimina.

Kiangazi cha pili, mfugaji aliyekuwa akituuzia maziwa alihamisha ng'ombe wake kwa sababu ya vita. Majani yalikuwa yamekauka na kila aliyekuwa na maziwa alikuwa bwana. Akabaki kaka yangu, na sharti lake umelisikia. Asubuhi ile nilifika nyumbani, nikayapasha kidogo ili sukari iyeyuke, yakiwa vuguvugu tu kama maji ya kuogea mtoto.

"Papa, imechemka?"

"Imechemka mpaka imepanda," nikasema.

Akamimina. Ilikuwa rahisi hivyo, na wiki ile nzima ikawa rahisi zaidi kila siku.

Jumapili iliyofuata watoto walikula. Kabla wiki haijaisha wengine walikuwa wakitapika na kuharisha, na Aline, msichana mdogo wa jirani yetu Mama Zawadi, alishikwa na homa iliyokataa kushuka. Nesi wa kituo cha afya aliuliza watoto wote wamekula nini pamoja. Jibu lilikuwa moja.

Wamama wakaja uani kwetu. Hawakupiga hodi. Mama Zawadi alikuwa na Aline mgongoni, kichwa cha mtoto kikiyumba kila alipopumua.

"Furaha, uliweka nini mule ndani?"

"Hakuna kitu mubaya, Mama. Marakuja, sukari na maziwa tu."

"Mikono yako njo chafu!" akasema mwingine. "Mutoto asiye na mama, nani alimufundisha kunawa?"

Furaha alimwacha aseme. Alinigeukia mimi, mbele yao wote.

"Papa, waambie. Maziwa ulichemsha?"

Mwanangu, wote walinitazama. Nilisikia nzi kwenye maganda ya marakuja. Nilifikiri juu ya kaka yangu na jina la baba yetu, na zaidi ya yote nilifikiri juu ya nafsi yangu, mwanamume mzima, msomi wa kijiji, nikivuliwa heshima mbele ya wanawake. Neno moja lingetosha.

"Nilichemsha," nikasema.

Nikaona uso wake ukigeuka polepole. Aliniamini. Na kwa kuwa aliniamini, ilibidi kosa liwe lake. Akatazama mikono yake.

Aline alipaswa kupelekwa hospitali, lakini njia ilikuwa imefungwa kwa mapigano, na kwa siku tatu hakuna pikipiki iliyothubutu kupita. Furaha alishinda kwa Mama Zawadi akichota maji, akifua nguo za mgonjwa, akitukanwa na kuinama. Akirudi nyumbani alisugua mikono kwa sabuni ya kufulia na majivu, akaisugua tena, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka na kuvuja. Nilimpelekea mafuta ya kupaka. Unasikia? Nilimpelekea mafuta, nikakaa kando yake, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mtoto akipona nitasema. Njia ikafunguka, Aline akapelekwa, akatibiwa, akapona. Bado sikusema. Nilijiambia sasa yamepita, kwa nini kuyachimbua.

Aliyesema ni kaka yangu, tena kwa kujisifu. Alikuja kula kwetu, akajaza sahani, akamwambia Furaha kwa furaha kabisa, "Papa yako iko na heshima. Nilimwambia asipike maziwa yangu, hakupika hata siku moja. Na ng'ombe zangu, angalia, haikukauka hata moja!"

Furaha aliweka kijiko chini. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Papa," akasema, "uliona mikono yangu."

Basi. Nilianza kueleza habari za kaka mkubwa na desturi ya baba yetu, lakini alikuwa ameshasimama. Siku ya pili nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia wamama ukweli. Mama Zawadi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na Furaha, yeye umemwambia lini?" Nikashika njia ya nyumbani mbio. Niliporudi, Furaha alikuwa amekwenda kwa shangazi yake Goma na gunia la nguo zake.

Mwanangu, sikufundishi kuwadharau wakubwa. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya, alishika alichofundishwa. Desturi ya nyumba unaweza kuiheshimu kwa kumwambia mwenyewe, "Asante, maziwa yako siwezi kuyatumia," kisha ukashuka na bidoni tupu. Hiyo ni aibu ya nusu saa. Lakini ukikubali sharti la mmoja, usimfiche yule anayetegemea neno lako. Na siku mtoto wako atakapokuuliza mbele ya watu, mjibu ukweli siku hiyohiyo, hata kama kila aliyepo atakucheka. Usingoje mgonjwa apone, wala usingoje watu wasahau, kwa maana anayekungoja ni mtoto wako, na kila siku unayonyamaza anabeba mzigo wako akidhani ni wake.

Mungu akupe ulimi mwepesi kwenye ukweli. Watoto wako wakuulize bila woga, na jibu lako liwatoshe. Nyumba yako isikose sauti zao.

Mimi kukubali kwangu kulinigharimu binti yangu. Yuko hai, yuko Goma, ana watoto watatu, na hakuna hata mmoja wao niliyewahi kumbeba.