Wateja wa Mujomba Ilunga

Juzi binti yangu alikuwa akicheza gemu kwenye simu, anaendesha mkokoteni wa kahawa na kuuhamishia palipo na watu wengi. "Papa, hapa hakuna batu. Nihamie wapi?" Kimawazo nilikuwa nimesharudi Nchelenge, mji wa utoto wangu kando ya ziwa, kwenye mchana ule mama alipohamisha kahawa yetu.

Siku zote tuliuzia bandarini, katika harufu ya samaki wakavu, juu ya baiskeli yenye termosi mbili kubwa kama mapipa. Mchana ule mama aliisukuma mpaka kwa nkambo, bibi yangu. Uwanjani walikuwa wameketi watu wa dunia nzima, wanawake wakiimba taratibu. Nikafurahi. Soko gani hili! Nikapaza sauti iliyofika kisiwa cha Kilwa, kule katikati ya ziwa letu: "Kahawa! Kahawa ya moto, bamama!"

Wimbo ukakatika. Shangazi akanijia mbio, mama akamzuia. "Muache mutoto."

"Mama, mujomba Ilunga iko wapi? Aje aone wateja!"

Mama alikuwa akimimina. Kahawa ikamchoma vidole, asivitoe. "Ni yeye aliita batu hawa bote."

Nikamwamini. Sikujua kwamba kaka yake huyo alikuwa amelazwa ndani ya nyumba, ametolewa ziwani asubuhi, hana pumzi tena. Nikajaza kikombe, nikatia sukari vijiko vitano kama alivyopenda, nikaenda kumtafuta katikati ya watu. Kila niliyemuuliza alinionyesha mbele kidogo.