Kona ya Maua ya Kunyonya

Enzi zetu hatukulilia pipi, jamani, tulikuwa na kona ya maua! Kwetu milimani, juu ya Same, mama alipolima bustani jembe lake lilizunguka kona moja karibu na mfereji. Pale yalijiotea maua membamba ya rangi ya chungwa, yamekaa mviringo kwenye vichwa vyenye miiba. Shangazi alipomuuliza kwa nini anafuga magugu, mama alijibu, "Hapo ni pa nyuki na watoto."

Basi alfajiri ilikuwa mbio! Ukichelewa, nyuki keshamaliza. Unachomoa ua taratibu, unalinyonya kwa chini, unapata tone moja tu la utamu, halafu jingine, na jingine, vidole vimechanika na hujali. Jumamosi tukitumwa kupeleka maua hayo kupamba kanisa, tuliyanyonya yote njiani. Jumapili mchungaji alihubiri mbele ya maua yaliyolegea kama mchicha wa jana, sisi tukicheka mpaka mama akatufinya.

Mwezi uliopita mwanangu Elia alikuja kutoka Dar, na kabla hata ya chai akashika fyekeo.

"Shikamoo, mama. Nataka nisafishe hii kona tupande ukoka, papendeze."

"Marahaba. Hebu subiri kwanza."

Nyumba tumeijenga upya, mama yangu mwenyewe tumeshamzika. Kona ile ndiyo pekee iliyobaki kama alivyoiacha.

Binti wa Elia, Neema, aliyekuja naye, alikuwa anayapiga picha maua yale kwa simu. Watoto wa siku hizi, hata ua wanalitazama kwenye kioo! Nikachomoa moja, nikampa. "Nyonya." Akaniangalia kana kwamba nimempa sabuni. Akanyonya. Macho yakamtoka!

"Bibi! Mbona hukuniambia siku zote?"

Simu akaitupa kwenye nyasi, akazama mauani. Elia alipoinua fyekeo, mtoto akapiga kelele, "Baba, hapa usifyeke!" Elia akacheka, akaliweka chini, akachomoa ua la kwake.

Zamani tuliigombania kona ile watoto wa kitongoji kizima. Leo wengi wako mijini, wengine wamelala makaburini. Asubuhi iliyofuata nilidamka, nikijua nitakuwa wa kwanza kama enzi zile. Nikakuta Neema keshamaliza yote ya chini. Ameniachia ya juu kabisa, ambayo siku hizi, kwa mgongo huu uliopinda, siyafikii mpaka nimwite yeye anichumie.