Pushrodi Juu ya Kioo

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Nauza spea hapa Kebirigo, jina langu ni Gladys ingawa mafundi wote wananiita Mama Spea, na kukaa nyuma ya kaunta kumenifunza kwamba fundi ukimsifu asubuhi, mchana ameshaanza kukutuma huku na kule ndani ya duka lako mwenyewe. Kwa hivyo nikisema Nyamongo ni fundi, elewa kwamba nimefikiria.

Gereji yake imeegemea ukuta wa duka langu. Ni mabati machache na ardhi iliyolowa oili hadi nyasi zimekataa kuota. Umri wake unakaribia sitini na magoti yamekwisha. Akitaka kutoka chini ya gari anatoka kwa awamu. Kwanza mkono, anapumzika, halafu kichwa, anapumzika tena, na wewe uliyesimama pale na haraka zako unaanza kuchoka kwa niaba yake. Vijana wamefungua gereji kule juu barabarani, wana mashine za kuchomeka kwenye gari na kusoma ugonjwa. Nyamongo hana hata kiti. Alichokuwa nacho ni sikio. Gari ikipita tu alikuwa anakuambia valvu gani imelegea, na watu walitoka mbali kama Marani kumletea injini aisikilize. Sikio hilo ndilo lililomlisha na kusomesha watoto wake.

Sasa aje Nehemiah. Huyu hubeba ndizi kupeleka Kisii mjini kwa pikapu ya petroli ambayo ni mzee kuliko yeye, na kwenye kila mlima lazima ashuke mtu mmoja aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Siku moja akaja na kitu amekifunga kwa gazeti kama nyama. Ilikuwa kamshafti, ule mtaimbo wenye matuta unaozunguka ndani ya injini na kuziamuru valvu zifunguke saa ngapi na kwa kiasi gani. Alikuwa ameinunua Nairobi. Ilikuwa imechongwa upya, matuta yake yananyanyua juu zaidi, na aliyemuuzia alimwapia kwamba pikapu itapanda mlima kama mbuzi.

"Kamshafti peke yake haipandi mlima," Nyamongo alimwambia. "Ni kama mtu anipe mimi viatu vya mbio, na magoti ni haya haya. Lazima tuchague springi za valvu na pushrodi zinazoiweza."

"Chagua, fundi. Lakini Ijumaa niwe nayo. Jumamosi nina mzigo."

"Ijumaa kabla jua halijatua," Nyamongo alisema, kwa sababu yeye ni Msabato wa kweli, na jua likishatua Ijumaa hagusi spana hata gari iwe inawaka moto. Mimi Mkatoliki nafungua Jumamosi, na huwa namtania kwamba dhambi zangu zina wateja wengi. Siku hiyo nilimtania hivyo hivyo akanitazama tu, kwa hiyo nikaona amechoka na nikamwacha.

Walikuja dukani kwangu kuchagua springi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mizani. Ni mizani yangu ya kupimia misumari. Nyamongo aliweka springi ya zamani ya ile gari juu ya sahani, akaikandamiza kwa kipande cha mbao hadi ikafika ule urefu ambao ingekuwa nao valvu ikiwa wazi kabisa, nami nikamsomea mshale. Akatikisa kichwa. Springi zimelala, alisema. Kamshafti hii ikiisukuma valvu kwa kasi, springi iliyolala haitawahi kuirudisha, na valvu iliyochelewa kurudi hukutana na pistoni inayopanda. Hapo injini imekufa.

Nehemiah akachukua kwenye rafu springi nene za lori. "Basi weka hizi ngumu. Ngumu si ndiyo nguvu?"

Nyamongo alikuwa akimtazama mdomoni, kwa makini sana, hadi nikadhani anamdharau. "Hizi zitarudisha valvu, ndiyo," akasema. "Lakini kila zikifunguliwa zitakuwa zinazikandamiza pushrodi. Pushrodi ni fito nyembamba tu, kazi yake ni kupandisha msukumo kutoka kwa kamshafti kule chini hadi kwenye roka huku juu, vile vimkono vinavyosukuma valvu. Ukizipa mzigo wa lori zinapinda, na matuta ya hiyo kamshafti yako mpya yanalika kabla ndizi hazijaiva."

Alichagua springi za katikati. Akazikandamiza tena, safari hii hadi kule ambako kamshafti mpya ingezifikisha, akainama kuangalia kama koili, ile mizunguko ya waya, zimegusana. Hazikuwa zimegusana, ilibaki nafasi ya upana wa ukucha kati ya koili na koili, na hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Aliinuka akishika kiuno. Kazi yote hiyo ilichukua asubuhi nzima na wateja wangu wengine wakaenda zao.

Pushrodi zilibaki hadi Ijumaa. Za zamani hazikufaa, maana kamshafti ikichongwa upya mgongo wake unakuwa mwembamba, na fito zile zile zinakuwa fupi. Alipaka ncha ya valvu wino, akazungusha injini kwa mkono, akaangalia roka imefuta wapi, akabadilisha pushrodi, akarudia. Mvua ilikuwa ikinyesha kisha inaacha. Mwishowe akapata urefu uliofuta katikati kabisa ya ncha, nikamtolea pushrodi za urefu huo kutoka kwenye sanduku langu. Zilikuwa zimekaa humo muda mrefu.

Hapa inabidi nieleze jinsi Nyamongo anavyokagua pushrodi, kwa sababu Kebirigo nzima inajua. Kaunta yangu ina kioo juu. Anaviringisha pushrodi moja moja juu ya kile kioo, na haitazami. Anaangalia barabarani, watu wanaopita, huku anasikiliza. Iliyonyooka inaviringika kimya. Iliyopinda hata kidogo inagonga kioo, tik, tik, tik. Anasema macho yake huona yanachotaka kuona, hasa akiwa na haraka.

Akaviringisha ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikaenda tik, tik, tik hadi mwisho wa kaunta, na Nyamongo, macho barabarani, akaiokota na kuiweka pamoja na nzuri.

Nilidhani ananitania, anapima kama bado niko macho. Nikasubiri acheke. Akachukua ya nne.

"Fundi," nilisema. "Hiyo ya tatu inagonga."

Hakugeuka. Nikasema tena kwa sauti ya juu, na bado akaviringisha ya nne. Basi nikaweka mkono wangu juu ya kioo. Ndipo akanitazama, kwanza mkono, halafu uso, na alielewa kabla sijasema chochote. Mzee alibadilika rangi. Alivuta kreti ya soda akaketi.

"Tangu lini?" nilimuuliza, nikamuuliza tena kwa kuonyesha sikio.

"Ilianza kidogo kidogo. Kushoto, halafu kulia. Sasa sauti nyembamba zote zimeenda." Alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Mama Spea, wakijua hakuna atakayeniletea gari. Watu hawaji hapa kwa sababu ya spana zangu."

Nilikasirika, nasema ukweli. Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi, na kwa sababu nilijua anachotaka kuniomba. Nina duka, nina watoto, nina mgongo wangu mwenyewe unaouma, halafu niongezewe masikio ya mtu mwingine?

"Leo tu," akasema. "Injini ikiwaka nitakuangalia. Ikiwa safi, funga leso yako vizuri. Ikiwa inagonga, iache."

"Sipendi mambo ya kujificha."

"Hata mimi sipendi. Nimechoka nayo."

Nikakubali. Tuliviringisha zilizobaki pamoja, yeye anasukuma, mimi nasikiliza, nikamtafutia nyingine badala ya ile iliyopinda. Kisha akaenda kufunga injini. Nilimwona akipitisha kila pushrodi mahali pake, akikaza roka, akipima nafasi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, mikono ikienda polepole lakini bila kubahatisha. Mikono hiyo haikuwa na shida yoyote.

Alasiri jua likiwa limeanza kuinama, Nehemiah alifika, na nyuma yake akaja Jacinta, mke wa Nyamongo. Ijumaa huja kumchukua mapema, maana kwao chakula cha Sabato hupikwa kabla jua halijatua, nyumba inapigwa deki na mtu anaoga. Alisimama kando ya barabara.

"Baba Ronny," aliita. Nyamongo alikuwa ameinama kwenye injini. "Baba Ronny, maji yako tayari." Mume aliendelea kukaza nati. Aliita mara ya tatu, halafu akaja kusimama kando yangu mlangoni.

"Unaona, Gladys? Ndivyo anavyonifanyia. Hata nyumbani. Namsemesha ananipa mgongo. Nikimuuliza kitu anasema ati, ati, kama mtu anayefukuza nzi. Huu mwaka wa pili. Mimi nikinyamaza sasa nanyamaza wiki nzima, na yeye haoni hata tofauti."

Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa limenijaa mdomo mzima, lakini halikuwa langu.

Nyamongo akamwashiria Nehemiah awashe. Injini ikakohoa, ikashika. Nehemiah akabonyeza mafuta na nyumba zote za jirani zikasikia, na ilikuwa sauti nzuri, nzito, ambayo pikapu ile haikuwahi kuwa nayo. Lakini chini ya ile sauti kulikuwa na mlio mwembamba, tik tik tik, upande wa mbele. Roka moja ilikuwa haikukazwa vizuri. Kitu kidogo, cha kurekebishwa upesi, lakini ukikiacha kwenye mlima na mzigo wa ndizi unarudi kwa kuvutwa na kamba.

Nyamongo akainua kichwa, akaniangalia.

Leso yangu ilikuwa imelegea kiunoni. Niliiacha. Akaendelea kuniangalia, kuhakikisha, akitafuta uso wangu wote, na Jacinta kando yangu akaona.

"Ah," Jacinta alisema taratibu. "Kumbe kuangalia watu anajua. Mimi namuita hanioni. Wewe unatazamwa bila kuita."

Wee. Nimeuza spea mji huu tangu nikiwa msichana, nimesingiziwa mambo mengi, lakini hilo lilinipiga. Nilitaka kusema mbele ya wote, na nikajiuma ulimi, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Nilichofanya ni kutembea hadi kwa Nyamongo, nikasimama mbele yake kabisa, nikasema nikitamka kila neno, "Mwambie mke wako. Au nitamwambia mimi, na nitamwambia vibaya."

Alimtazama Jacinta, ambaye alikuwa ameshageuka kuondoka. Akamtazama Nehemiah ndani ya gari. Akanyoosha mkono kupitia dirishani, akazima injini mwenyewe.

"Inagonga?" akaniuliza kwa sauti, mbele yao wote.

"Inagonga. Mbele."

"Nehemiah, gari yako inagonga na mimi sijasikia." Aliongea kwa nguvu, kama wanavyoongea watu wasiosikia. "Sisikii vitu vyembamba tena. Sisikii vingi. Ukitaka kuipeleka kwa vijana kule juu, peleka, sina kinyongo. Springi nilizichagua kwa macho na mizani, hizo ziko sawa. Pushrodi amezisikiliza Mama Spea."

Nehemiah alikaa na mikono kwenye usukani. Alitoka garini, akaangalia injini, akaniangalia, akamwangalia mzee.

"Rekebisha, fundi," alisema mwishowe. Halafu akakumbuka, akaonyesha kwa kidole upande wa mbele wa injini, akasubiri hadi Nyamongo aitikie. "Mimi nakimbia kuwaambia vijana waanze kufunga ndizi. Jua halijatua bado."

Akaenda. Nyamongo akachukua spana na fila geji akainama. Jacinta hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama barabarani, hatua chache kutoka mlangoni kwangu, mkono mdomoni, watu wakimpita huku na huku. Nadhani alikuwa anahesabu zile wiki zote za kunyamaza. Kisha akaja hadi nyuma ya mume wake.

"Kumbe hukuwa unanidharau," alisema.

Nyamongo aliona kivuli chake, akageuza kichwa nusu. "Ati?"

Jacinta alizunguka pikapu hadi upande wa pili, akainama juu ya injini ili uso wake uwe mbele ya uso wa mumewe, akamwambia tena.